Ngoma Ninayoitazama

Uzazi wa kwanza ulimchana binti yangu vibaya. Muda mrefu akikohoa tu mkojo unamtoka, mpaka akapona. Mimba ya pili daktari akamwambia achague, asukume tena au apasuliwe.

Akaniuliza, "Mayu, wewe ulisukuma sita. Si watanicheka?"

Kijijini kwetu Nkoma wote wanajua ninavyojivunia hao sita. Hawajui kwamba kwenye ngoma za mavuno nakaa na vikongwe kwa sababu nikiruka nalowa.

Nikamwambia, "Wacha wacheke. Kapasuliwe, usije ukakaa kama mimi."

Mavuno haya nilimpakata mjukuu wangu, mama yake akiruka katikati ya uwanja. Miguu yangu ikawa inacheza yenyewe chini ya kiti.