Ngozi Aliyoleta Kivuva

Kivuva wa Ikutha nilimjua kabla hajaharibika jina. Alikuwa mchunga ng'ombe hodari, mwembamba, mtu wa kunyamaza, anazijua njia zote za kushuka mpaka mto Athi. Mimi nilikuwa nazunguka kuziba sufuria, leo Ikutha, kesho Kanyangi, nikichoka navuka kwenda Mukuyuni, kwa hiyo watu wengi nimewaona wakipanda na nikawaona wakishuka.

Sisi, jua likizidi, mwenye ng'ombe asiye na nguvu za kuhama humpa mtu awapeleke kwenye majani. Hawaandikiani kitu. Ng'ombe akifa huko, yule mtu humchuna akaleta ngozi, na mwenyewe akiiona alama ya ukoo iliyochomwa pajani, maneno yamekwisha. Hakuna anayeuliza zaidi.

Kivuva akaona mlango hapo. Miaka ya sabini aliuza ng'ombe za watu wakiwa hai, akanunua ngozi kwa wachinjaji, akazichoma alama, akazipeleka kwa wenyewe na uso wa matanga. Wengine walimpa hata chai kwa kumhurumia. Alishikwa siku mzee Mulei alipokunjua ngozi aliyopelekewa akatafuta mahali pa chuchu, hapana kitu. Yeye alikuwa amempa ng'ombe wa maziwa, akaletewa dume. Watu walicheka kwanza, halafu wakamfunga kamba. Kotini hakukana.

Alipotoka jela, Ikutha ilikuwa inamngoja. Kanisani walimwombea kwa jina lake, Jumapili baada ya Jumapili, na walikuwa na nia njema, lakini hata watoto waliokuwa hawajui habari zake walizijulia hapo. Akipeleka mbuzi wake mwenyewe sokoni, mnunuzi alitaka kwanza ndugu yake aje aseme kweli ni wake. Wazee waliniambia hawana haja ya kumchunga tena, jina linamchunga. Nami niliamini. Nilidhani jina baya ni kama boma, mtu haliruki.

Sasa mwaka wa themanini na nne, ile njaa kubwa, nilifika Kanyangi kwa mjane anaitwa Ndinda. Alikuwa na ng'ombe wawili, mbavu nje, na hakuwa na kingine. Nikamkuta na mgeni wanakunywa uji mwepesi. Ndinda akanieleza kwa furaha kwamba Mungu amemletea mtu, Musa, atawapeleka ng'ombe mtoni asubuhi. Musa alikuwa Kivuva.

Nilipewa uji nami, nikaushika bila kuunywa, macho kwa mgeni. Ndinda akaniona.

"Baba Muthoki, unamjua huyu?"

"Namjua," nikasema. "Lakini si kwa hilo jina."

Nikamweleza yote, pale pale, mwenyewe akisikia. Kivuva hakukasirika. Aliweka kikombe chini kama mtu aliyechoka kubeba.

"Mwaitu, ni kweli," akamwambia, kwa vile tunavyomwita mama. "Huko kwetu nikiwa Kivuva sipewi hata kuku. Nikiwa Musa napata kazi."

"Na Musa akiniuzia ng'ombe wangu, mimi nitaenda kumtafuta wapi?"

Kivuva akaanza kuinuka. Nilijua atafukuzwa, hata nilianza kusogeza miguu apite. Lakini Ndinda alitazama nje, wale ng'ombe walikuwa wanalamba ukuta. Wakibaki watakufa mbele yake. Mtu mwingine wa kuwapeleka hakuwa naye.

"Musa simpi kitu," akasema. "Kivuva nitampa. Kesho tutapita sokoni pamoja, watu wakuone na ng'ombe, na wakuite jina lako."

Ndivyo ilivyokuwa, na jina la Kivuva na habari zake zilikuwa zimefika Kanyangi zamani. Kilonzo, muuza tumbako, mwenye mdomo kuliko wote Kanyangi, alimpungia Ndinda mkono wa kwaheri na kusema anawaaga ng'ombe. Watu wakacheka. Kivuva alipita na macho chini.

Mvua ilipokuja nilikuwa huko huko Kanyangi. Kivuva alirudi jioni moja, amekonda kuliko mnyama aliyekuwa anamfuata. Ng'ombe mmoja nyuma, na begani ngozi.

Watu walijaa uani kwa Ndinda kama kuna msiba.

"Kivuva," Kilonzo akamwita, "na hiyo ulinunua bei gani?"

Ndinda akaitandaza chini. Alama ilikuwa ya ukoo wake, kovu la zamani lililokwisha pona. Chuchu zilikuwepo. Baka jeupe la shingoni lilikuwepo. Hakuna aliyebisha kwamba ni ngozi ya ng'ombe wake. Wakasema basi amemchinja, nyama ameuza. Na hilo, nani angelijua? Huko mtoni ng'ombe walikufa mamia, na walafi pia walikuwepo. Walitaka apelekwe kwa chifu usiku huo.

Ndinda alishika shingo ya yule aliye hai, akasema, "Angetaka kula, huyu mbona yuko hapa? Nendeni nyumbani."

Walienda, lakini hawakunyamaza. Kivuva alikaa kwa Ndinda mpaka mahindi yakatoa mbelewele, na kila akipita sokoni, mtu alimwuliza bei ya ngozi. Siku moja nilimkuta amekaa peke yake akaniambia, polepole, "Mzee, nilipoiba waliniita mwizi. Nimerudisha, wananiita mwizi. Sasa nafanya nini?" Nilimwambia avumilie. Ni neno rahisi kwa mtu ambaye hutembea, kesho yuko kwingine.

Kabla ya mavuno akaondoka.

Mwaka wa pili nilivuka kwenda Mukuyuni. Alikuwa huko, anaitwa Stefano, na mwenye duka mmoja, Musyoka, alikuwa amempa mbuzi zake azichunge milimani. Nilifika nimechelewa. Ameziuza, ameleta ngozi, ameshikwa. Nilimwona akipandishwa gari la polisi. Aliniona pia, na alikuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Nilirudi Kanyangi nikamwambia Ndinda, kwa sababu habari ingemfikia tu. Alikuwa anakamua. Hakusimama.

"Huko aliitwa nani?"

"Stefano."

Akakamua kidogo.

"Kwangu alikuwa Kivuva," akasema. "Yule alirudisha."

Nilimwuliza kama anaamini ng'ombe yule mwingine alikufa kweli. Akasema hajui, na ameacha kujiuliza. Ngozi ya ng'ombe huyo alikuwa ameitandika kitandani, na usiku ule, mimi nikiwa mgeni, aliitoa akanipa nilalie.