Sentimita na Shamba la Ekari Kumi

Jina la Sentimita alipewa na wateja wake, na mpima ardhi huyu hakukasirika. Alisikitika tu kwamba kifaa chake hukosea kwa sentimita mbili nzima. Ukimuuliza saa, atakujibu saa nne na dakika saba. Mchumba wake, fundi cherehani, aliwahi kumuuliza anampenda kiasi gani, naye akamuuliza kwanza kwa kipimo gani. Binti wa watu alinuna siku tatu.

Sasa yakamkuta makubwa. Baba wa mchumba alisema hatajibu posa mpaka kijana ampimie shamba na kumletea ramani ya kutundika sebuleni. Mtaa mzima ulimwita mzee huyo Ekari Kumi, maana hakukuwa na harusi wala msiba ambapo hakutaja ekari zake kumi. Hakuwahi kuzipima. Alisema tu, na watu wakazoea.

Sentimita akaja asubuhi na mlingoti wake wenye kipokezi cha setilaiti juu, akazunguka kona hadi kona huku miiba ikimchana suruali. Mzee alimtangulia na fimbo, na kwenye kila jiwe la mpaka alisimama hatua mbili upande wa jirani. Sentimita akaweka mlingoti juu ya jiwe. Kisha akafungua kompyuta, akaunganisha alama zake, na jibu likatoka. Ekari saba nukta tatu mbili.

Mchumba alichungulia kioo cha kompyuta, akamvuta kando, akamwambia taratibu kwamba akiandika saba, posa imekufa. Ramani yenyewe ni ya ukutani, nani atakwenda kuihakiki? Sentimita alimpenda sana binti huyu, na moyo ulimuuma kweli. Alijaribu hata kuiandika hiyo kumi. Kidole kikagoma.

Akampa mzee kompyuta kama ilivyo. Mzee akasoma, akafuta miwani, akasoma tena, akaamuru ipimwe upya. Sentimita akarudi miibani. Safari hii ikawa saba nukta tatu moja.

"Basi, acha," mzee akasema. "Ukipima mara ya tatu litaniishia."

Mama wa binti alikuwa kibarazani akichambua mbegu. Hakuinua kichwa.

"Kijana yuko sawa. Miaka thelathini nalilima mimi. Saba ni zangu. Hizo tatu unalima wewe, kwa mdomo."

Binti akafumba macho. Mzee akamtazama mkewe, akaitazama namba, mabega yakaanza kutikisika, kumbe anacheka. Akasimulia kwamba mchumba aliyetangulia, mwalimu, alipima kwa hatua akamletea ekari kumi na mbili, na hata yeye mwenyewe akaona huyo amemzidi uongo, akamwambia aende zake. Halafu akakunja uso.

"Na binti yangu utamtunza miaka mingapi?"

Sentimita akaanza kuhesabu kwa vidole: umri wake, umri wa binti, umri aliofia babu. Alipofika kidole cha nne akaona mchumba anamkodolea macho, akaushusha mkono.

"Yote, Mzee."

Hapo ndipo mama alipoinua kichwa.

"Yote nukta ngapi?"

"Haina nukta, Mama."