Kalunde na Kidonge cha Jumapili

Kalunde hapendi kuambiwa, na mimi sipendi kunyamaza, ndiyo maana tumekuwa majirani miaka thelathini hapa Nunguni na hakuna aliyechoka. Ukitaka kumjua, mpitie akilima matuta ya shamba lake: mama wa miaka sitini na tisa, leso kiunoni, akiimba wimbo wa kanisa huku akiyatukana magugu.

Mwaka juzi aliinua mtungi wa maji wa lita ishirini, mkono ukavunjika. Hakuanguka, hakugongwa na kitu. Daktari akampima mifupa kwa mashine, akasema imepungua uzito, ndani imebaki na matundu kama mkate. Ugonjwa huo hauishi, lakini kuna dawa ya kuurudisha nyuma: kidonge kimoja kwa wiki. Kalunde akachagua Jumapili ili asisahau. Kinywewe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji matupu, halafu nusu saa asilale wala asiiname.

Kyule, mtoto wake wa pekee, ana duka mjini Emali. Akaweka sharti, akimwita mama yake kwa Kikamba: "Mwaitu, mwaka ukiisha na mifupa haijapata nguvu, unakuja kukaa na sisi. Chumba kiko tayari."

Kalunde alinijia mbio. "Mama Ndululu, nikitolewa hapa nitakufa. Emali nitalima nini, lami?"

Mwaka ukaisha, akapimwa tena. Daktari akasema mifupa imeshuka zaidi. Kyule akaanza kutafuta lori la kuhamisha vitu. Jumapili iliyofuata nikampitia Kalunde mapema twende kanisani, nikamkuta katikati ya jikoni, amesimama wima kama askari wa gwaride, macho kwa saa ya ukutani, mkononi kikombe kikubwa cha chai ya maziwa.

"Umekunywa dawa?"

"Sasa hivi. Na chai."

"Na chai!"

"Si daktari mwenyewe alisema mifupa inataka maziwa? Nikaona niunganishe, safari iwe moja."

Wee! Siku hiyo alisikia maneno. Mwaka mzima maziwa yamekishika kidonge tumboni, kimepita bure, na mwenye kidonge amesimama wima akijisifu ametii! Nilimpigia Kyule simu nikamwambia aachane na lori, atupe mwaka mwingine. Alinung'unika, akakubali. "Mmoja tu, Mama Ndululu. Hata wiki haiongezwi."

Tangu hapo, kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwake. Namimina maji mwenyewe, namtazama akimeza, halafu tunakaa nusu saa ya ugomvi mtamu: nani ameoa vibaya, nani anaharibu sauti ya pili kwenye kwaya. Akinyoosha mkono kwa chupa ya chai, naupiga. Aka, mama huyu alinitesa! Maziwa aliyapata baadaye, kifungua kinywa kikiwa mezani.

Juzi, mwaka ulipotimia, tukaenda kupimwa, na Kyule akaja. Alipokea karatasi, akaisoma, uso ukamsawijika.

"Mara ya mwisho namba ilikuwa tatu nukta mbili," akasema. "Leo ni mbili nukta nane. Imeshuka tena, Mwaitu."

 Kalunde alikaa kwenye benchi akafunga leso yake vizuri, akaifungua, akaifunga tena. Mimi nikakaa kando yake.

Muuguzi mmoja, Wariara, alichungulia karatasi ile. "Kwani hamjaona alama ya kutoa hapa mbele? Hii inahesabiwa chini ya sifuri. Ikikaribia sifuri ndio mfupa unajaa. Mama hajapona, na kidonge kiendelee, lakini amepanda vizuri sana."

Kyule aliisoma karatasi mara tatu, kisha akalia pale pale mbele ya watu. "Nilikuwa naogopa simu, Mwaitu. Naogopa niambiwe umevunjika na uko peke yako."

"Peke yangu wapi?" Kalunde akanielekezea kidevu. "Mimi nilichoogopa ni kupelekwa mahali hakuna mtu wa kunigombeza."

Nikafungua mdomo nimwambie aache maneno mengi hospitalini. Nikajikuta nalia kumshinda Kyule.