Baba Alipozinduka na Jina la Ubatizo

Baba alipasuliwa ngiri muda mfupi baada ya Serikali kutuamuru tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Alikuwa fundi cherehani mtaani Kadutu, na amri hiyo, iliyofuta na tai, ilimletea abakosti za kushona, yale makoti yasiyovaliwa tai, hadi vidole vikamuuma. Kwa hiyo barabarani aliisifu. Nyumbani hakutaka hata kuisikia.

Alipozinduka, muuguzi alimwinamia kupima akili yake, akimwita raia kama ilivyoamriwa. "Citoyen, jina yako ni nani?"

Baba akataja lile la ubatizo, taratibu, kwa sauti ya kanisani. Kisha akaomba tai yake.

Muuguzi aliangalia mlango, kwani jina lile sasa lilikuwa la kumtia mtu matatani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alijifunika shuka hadi kichwani. "Akili haiyarudi," muuguzi akasema.

"Iko yote," mama akajibu. "Ile jina ndiyo nilifunga nayo ndoa."

Mimi nilikuwa upande wa muuguzi, kwa sababu baba alikuwa akiniita mademoiselle, kama binti wa watu asiyemjua. Niliogopa, tena sana.

Daktari alitueleza kwamba ubongo ni mdogo lakini unakula sukari kupita kiasi. Dawa ya usingizi huupunguzia moto, kama mbabula, jiko la makaa lililofunikwa majivu, na wakati huohuo mwili uliokatwa unadai nguvu za kupona. Kwa mtu mwenye umri, moto huchelewa kushika, na kwa wengine haushiki wote. Tusubiri tu.

Katika maelezo yote hayo mama alisikia sukari tu. Mara baba aliporuhusiwa kunywa, alileta birika la chai tamu hata nyuki angeikataa. Baba alikunywa, akashukuru kwa Kifaransa. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuishukuru chai ya mama. Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi nyumbani, mama alisimama ghafla njiani.

"Na kama haturudishiwi yeye mzima?" aliniuliza.

Siku moja mgonjwa wa jirani alitembelewa na mtu wa Chama tawala, beji kifuani. Muuguzi, kwa akili zake za ajabu, akachagua wakati uleule kuuliza jina. Mama alinishika mkono hadi ukaniuma.

Baba aliitazama beji. Halafu akataja jina la mababu, refu lote, kwa sauti ya kusikika hadi uani, akamuuliza mgeni kama abakosti yake haimbani kiunoni.

Muuguzi alifurahi. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, uso umemwanguka, kwani jina lile mume wake hakuwahi kulitamka mbele yake.

Baba akamvuta karibu. "Maman," alinong'ona, "ile ingine tutaisemea nyumbani. Na hii chai yako, nani anaweza kuikunywa?"

Mama alilia na kucheka palepale. Hapo nami nikaamini kwamba baba amerudi mzima, maana hata woga wake ulikuwa umerudi.