Pikipiki Iliyogawanywa Kama Nyama

Pikipiki yangu ilichagua siku mbaya kuliko zote kufa. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga simu mjukuu wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, anayeishi ng'ambo ya msitu, upande wa Biharamulo. Alisema bibi hali tena, anaonja uji tu, na kila akizinduka anamwulizia mdogo wake. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya.

"Nipeleke nikamwone," alisema.

Hatukufika mbali na kwetu Nyamiaga. Kilima kilipoanza, pikipiki ikatoa moshi, ikakohoa, ikazima. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, nikaitukana kwa maneno ambayo mtu hasemi mbele ya mama yake. Tulirudi kwa miguu, mimi nasukuma, yeye nyuma yangu kimya. Mama akikusema sana usijali. Akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa.

Mtu atauliza kwa nini sikumpandisha basi. Amwulize mama. Basi linamtapisha hata kabla halijaondoka stendi. Mara ya mwisho alishushwa Benaco amelegea, akaapa hatalipanda tena. Bodaboda nazo alikwisha kuangushwa na kijana aliyekuwa anaongea na simu, na tangu siku hiyo hapandi pikipiki ila inayoendeshwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mtoto aliyebaki huku ni mimi. Kukodi gari kwenda na kurudi ni sawa na kuuza shamba. Na jirani atakuazima jembe, atakuazima hata baiskeli, lakini pikipiki hakuazimi, na mimi pia siazimi.

Nilimwambia mama wazungumze kwa simu. Alinitazama kama niliyesema upuuzi. "Simu utaishika mkono?" aliniuliza.

Fundi wetu alifungua injini akatikisa kichwa. Bloku imekwisha, alisema, ile sehemu ambamo pistoni inapanda na kushuka. Ilikuwa imechubuka ndani kama goti la mtoto. Hakuna dawa ila nyingine.

Ngara mjini walinionyesha orijino. Nilipotajiwa bei niliirudisha mezani polepole, nisije nikaiangusha nikaambiwa nimeinunua. Nikaenda Benaco, kwenye malori yanayosubiri kuelekea mpakani, ambako kila kitu kinauzwa na kila muuzaji ni rafiki yako. Huko nilipata bloku kwa bei ya kuridhisha, ndani ya boksi lililong'aa kuliko la orijino. Rahisi ni ghali, wahenga walikwisha kusema, lakini wahenga hawakuwa na mama anayesubiri amevaa kitenge kipya. Fundi aliifunga, nikaijaribu kwenye kilima kilekile, na niliporudi ilikuwa inanifuata na moshi mweupe kama tanuri la mkaa. Niliketi chini nikalia kwa hasira. Sioni aibu kulisema hilo.

Kila asubuhi mama alikuwa akitoka kuiangalia pikipiki kabla hata ya kuangalia kuku. Haulizi kitu. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamwambia kwamba kama kweli anampenda dada yake angepanda basi atapike, afike.

"Nikifika sijitambui," alijibu, "nitamwona na macho ya nani?"

Nikachukua pesa ya maharage, nikapanda basi mwenyewe kwenda Biharamulo. Kwa mama mkubwa sikupita; ningemwambia nini bila mdogo wake?

Karibu na soko kuna duka la spea la mzee mmoja mwenye kofia, ambaye babu zake walitoka pwani na biashara zao wakakaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza ninachotaka na nilicho nacho. Alishusha boksi kutoka rafuni, nalo lilikuwa ndugu wa lile la Benaco, akalitazama, akalirudisha.

"Mwanangu, nikikuuzia hii utarudi kunitukana dukani kwangu. Ya uhakika nayo hutaiweza. Nenda kwa wafugaji, barabara ya kule chini. Kuna kijana alimkwepa ndama, akavaa mti. Yeye yuko hospitali, mguu umevunjika. Pikipiki yake imeisha mbele, lakini injini haina hata mkwaruzo. Nasikia wanaichinja leo."

Kuchinja pikipiki ni lugha ya mafundi: kuifungua na kuuza vipande. Nikamshukuru, nikaenda mbio nisitanguliwe.

Kule wanaishi Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza. Nilikuta watu wengi uani, na mbele yao matawi yenye majani yametandazwa chini, na juu ya majani pikipiki nzima imepangwa kwa mafungu. Fungu moja lilikuwa na tangi, waya na kanyagio moja. Jingine klachi, taa iliyopasuka na pedeli. La tatu lilikuwa na bloku. Niliiona kutoka mbali, safi, na moyo ukaniruka.

Sasa mimi ni mtu wa soko. Nimeuza ndizi, nimeuza maharage, na najua kwamba kitu unachokitaka ndicho unachokiponda kwanza. Nikasogea, nikageuza vyuma kwa ncha ya kiatu. Nikasema hivi vyote ni skrepa, rimu imepinda, hii bloku nayo nani ajuaye imekula kilomita ngapi, mniuzie hiyo peke yake kwa nusu ya bei, mengine bakini nayo.

Mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kigoda aliinamisha uso. Mwanamume mrefu mwenye fimbo ya kuchungia alinigeukia.

"Mgeni," alisema taratibu, "kwenu ng'ombe akivunjika mguu, huwa mnakwenda kumwambia mwenye ng'ombe kwamba nyama yake mbaya?"

Nilihisi masikio yanawaka moto. Maana hata kwetu Ngara tunafanya hivyo hivyo. Ng'ombe akitumbukia korongoni, mwenyewe anamchinja kabla hajafa, majirani wanaitana, nyama inapangwa kwa mafungu, kila fungu na mnofu wake, utumbo wake na mfupa wake. Bei inatajwa mara moja. Huchagui, hupunguziwi, unabeba lililo mbele yako, na asiye na kitu analeta baada ya mavuno. Hukwenda kununua nyama pale. Umekwenda kumwinua mtu. Nimebeba nyama ya namna hiyo tangu ujana wangu, tena nikiisifu hata ikiwa ngumu kama kandambili. Lakini macho yangu yalipoona chuma yaliona soko. Haikunijia kabisa kwamba watu wanaweza kuifanyia pikipiki heshima ya ng'ombe.

Yule mwanamke wa kwenye kigoda ndiye aliyekuwa mama wa kijana. Nilikwenda nikapiga goti.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni biashara."

"Unaumwa na nini," aliniuliza, "mpaka utafute chuma kwa hasira namna hiyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu mama mkubwa na uji, kuhusu basi, kuhusu kitenge kinachovaliwa kila asubuhi na kuvuliwa kila jioni. Nilikuwa sijamwambia mtu habari ya kitenge kabla ya hapo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo anasubili," alisema.

"Anasubiri, mama."

Akaelekeza kidole. Lilikuwa limebaki fungu moja lisilo na mtu: rimu iliyopinda, kiti kilichochanika, honi na saiti mira moja. "Lile halijapata mwenyewe."

Nikaelewa. Nilitoa bei iliyotajwa bila kufungua mdomo, nikasimama kwenye fungu langu kama wengine. Bloku ilikuwa kwenye fungu la yule mrefu mwenye fimbo. Huyo bwana, nilikuja kuambiwa, hana pikipiki wala hajawahi kuwa nayo. Ana mkokoteni wa ng'ombe. Alikuja kubeba chuma asichokihitaji kwa sababu mtoto wa jirani yuko hospitali. Aliinama, akaichukua bloku, akaiweka juu ya majani yangu. Kisha akachagua honi yangu, akaibeba.

Nikatia mkono mfukoni nimwongezee. Aliukunja uso.

"Nyama ya hivi haiuzwi mala mbili."

"Lakini honi, baba, utaifanyia nini?"

"Ng'ombe wangu hawasikii," alisema, na ua mzima ukacheka, hata mama wa kijana akacheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Mimi nilicheka nikiwa karibu kulia. Nilimwombea yule mama mwanawe asimame kwa miguu yake miwili. "Wabeja," aliniambia, yaani asante kwa Kisukuma, na akaniagiza nimsalimie mgonjwa wetu.

Rimu na kiti nilivibeba hadi nyumbani juu ya basi, ingawa konda aliniuliza kama nina akili timamu. Nisingeweza kuvitupa njiani. Fundi alifunga bloku ile, akapiga kiki, akasikiliza, akazima, akawasha tena kwa raha yake tu.

Tuliondoka kulipopambazuka. Mama alikaa upande, kapu la ndizi mbivu magotini, mkono mmoja kiunoni kwangu. Tulipopita Benaco alinigonga bega akanionyesha mabonde, akasema hapa mimi na dada yangu tuliuza ndizi enzi za wakimbizi, kila mahali ni maturubai, na dada alikuwa anagawa nyingi kuliko anazouza. Kisha tukaingia msituni.

Mama mkubwa alikuwa amelala uso ukutani, amekwisha mwili, mdogo kama mtoto wa shule. Mama aliketi kitandani, akamshika mguu juu ya shuka.

"Umechelewa," alisema mama mkubwa bila kugeuka.

"Nilikuwa nangoja chuma."

"Chuma gani?"

Mama akamsimulia yote, habari za mafungu na za honi, kwa Kihangaza chao cha zamani ambacho mimi nakisikia nusu. Mama mkubwa aligeuka. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba ndizi, akala nusu. Jioni mama alimpaka mafuta miguuni, wakaulizana nani bado yupo na nani amekwisha kwenda, na wakabishana sana juu ya mtungi fulani uliovunjwa na mmoja wao walipokuwa wasichana. Hawakukubaliana. Niliwaacha wakibishana nikaenda kulala, na sijapata kulala vizuri namna ile.

Kesho yake mchana tuliaga. Walishikana mikono muda mrefu, wala hakuna aliyelia. Njiani, ndani ya msitu, nilisimama ili injini ipoe na mama anyooshe miguu. Nilikuwa nimejawa na furaha, najiona mwanamume, nikamwambia kwamba sasa chombo ni kizima na mvua zikipungua nitamleta tena.

Alikuwa ananyoosha kitenge. "Hapana," alisema. "Hunileti tena."

"Kwa nini, mama? Umechoka?"

"Kuzika mtakwenda ninyi. Mimi nimemkuta akinijibu."