Blanketi ya Kapinga

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa barazani, mashini ya kushona mbele yangu, natafuta kipande cha bluu. Jua lilikuwa zuri. Mume wangu alikuwa kazini kiwandani, na Kapinga, mtoto wetu wa pekee, alikuwa chini ya meza akichomeka vifungo kwenye vidole vya miguu yake. Siku hiyo alitimiza miaka mitatu.

Nilikuwa namalizia blanketi yake. Mama yangu alinifundisha kwamba mshonaji hatupi kitambaa. Wateja wa Likasi nzima waliniletea bikwembe vyao, vitenge vya kushona, na mabaki niliyakata miraba, upana wa kiganja changu, nikayaunganisha. Katikati nilitia salopeti, ovaroli ya kazi ya mume wangu, ile iliyoisha magotini. Nyuma niliweka flaneli nzito, mara mbili. Mstari wa juu ulikuwa wa Kapinga peke yake. Kila alipotimiza mwaka nilikata mraba mmoja kutoka kwenye nguo iliyombana, nikaushona pale. Wa kwanza mweupe, wa pili wa njano, wa tatu mwekundu wenye maua madogo. Mbele ya mwekundu niliacha nafasi tupu hadi kona. Nilisema akifika kona atakuwa msichana wa kujishonea mwenyewe.

Jirani yangu Mama Monga alikuja na bakuli la sombe, majani ya muhogo. Nyumba zetu zilikuwa za ukuta mmoja na bomba moja la maji, na watoto wake wanne walikula kwangu kama walivyokula kwake. Aliishika blanketi, akaigeuza, akaipapasa nyuma.

"Mamu Ngalula, hii blanketi njo itaniua na wivu. Siku moja nitaiiba."

"Iba tu. Kila kipande ninakijua jina. Nitakufata mupaka mu kitanda yako."

Tulicheka. Mpaka leo nachukia kwamba tulicheka.

Vijana wa leo wakisikia habari hizi huniuliza, "Lakini ile haikuwa vita, Mama?" Eti kwa sababu hakukuwa na mizinga. Wapi! Mtu akikujia na mnyororo wa baiskeli na panga, askari amesimama kando na bunduki yake anaangalia, hiyo unaiitaje? Harusi? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakubwa walikuwa wanagombana kule juu, na redioni wakaanza kutuita bilulu, wadudu, sisi wenye asili ya Kasai. Babu yangu aliletwa huku Katanga na wazungu kuchimba shaba. Mama yangu alizaliwa Likasi, mimi nilizaliwa Likasi, Kapinga alizaliwa Likasi. Wadudu wa wapi basi?

Kwanza vijana wao walichoma duka moja la mtu wa kwetu karibu na soko. Kisha nyumba kwenye barabara ya nyuma yetu. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kazini saa nne asubuhi, mkono umevimba, akasema wamemtoa getini.

"Tunaenda stesheni," alisema. "Sasa hivi."

Mama Monga, yeye si wa Kasai, alikuwa mlangoni tayari.

"Ni siku mbili tu, mamu, na munarudia. Bintu ya muzuri wacha kwangu. Mu njia batakunyang'anya."

Nilimpa sufuria mbili mpya. Nilimpa picha za ndoa. Nikampa blanketi, imekunjwa vizuri, kwa sababu katika nyumba yangu hapakuwa na kitu kizuri kuliko hiyo. Sisi tukabeba matambara.

Hapo ndipo nilipokosea.

Barabarani walikuwa wameweka jiwe na gogo. Vijana saba au wanane. Wawili niliwajua, mmoja nilimshonea suruali ya komunyo.

Walichukua godoro.

Walichukua redio.

Walichukua mashini yangu. Aliyeibeba aliishika kwa gurudumu, vibaya, nami nikataka kumwambia asiishike hivyo. Mume wangu alinibana mkono.

Mmoja alifungua furushi la matambara, akalinyanyua juu, wote wakacheka. "Bilulu na takataka yabo!" Akanitupia usoni. Hawakuchukua hata moja.

Umeelewa? Vipande vya kuunga-unga hawakuvitaka. Ningemfunika Kapinga blanketi yake mgongoni kwangu, wangeiangalia, wangecheka, wangetuacha tupite nayo. Mimi ndiye niliyeiona ni mali.

Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Stesheni ilijaa hadi nje, hadi kwenye reli. Gari la moshi la kwenda Kasai lilikuja lilipotaka, na waliopata nafasi walikuwa wenye nguvu ya kusukuma. Sisi wengine tulikaa chini, na mvua zikaanza.

Nilikuwa nimeficha sindano tatu kwenye kola ya blauzi. Nikashona. Mtu mmoja wa Kakontwe, Musonda, fundi wa machimbo ya mawe tuliyeimba naye kwaya, hakuwa wa kwetu lakini alikuja kila baada ya siku chache na magunia matupu. Wenzake wakimwona wangempasua kichwa, naye alijua. Nilifumua nyuzi kwenye magunia ya unga, nikazisokota mbili-mbili. Karatasi za mifuko ya saruji nilizipiga-piga mpaka vumbi litoke, nikaziweka katikati ya magunia mawili, nikakunja mshono mara mbili na kuupaka nta ya mshumaa ili maji yasipite. Nilishona mapaa, masweta ya gunia, viatu vya watoto vyenye nyayo za tairi. Wanawake walikuja kukaa nami, nikawaonyesha. Kulikuwa na mzee, mwalimu wa shule, aliyevaa koti langu la mifuko ya unga na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alisema ni lazima tuonekane watu.

Lakini gunia halina joto. Linazuia maji, basi. Kapinga alianza kukohoa, kisha homa. Nesi aliyekuwa akipita kati yetu, naye pia amefukuzwa kwake, alimsikiliza kifuani.

"Dawa haiko, mama. Umushike na joto. Njo ile tu."

Nikamwita Musonda. Ilikuwa mchana. Nilimweleza nyumba, mlango, jina. Nilimwambia: "Sufuria abaki nazo. Picha abaki nazo. Mwambie mtoto ana homa, alete blanketi."

Alirudi jioni, jua halijazama. Mikono mitupu. Aliangalia reli, hakuniangalia mimi.

"Anasema hajue ile blanketi."

"Na weye uliiona?"

Alipangusa vumbi kwenye suruali.

"Musonda. Uliiona?"

"Iko ku kamba, inakauka. Bale bijana bako mu barza yake, bananikazia macho. Nilishindwa, mamu. Unisamehe."

Musonda sina neno naye. Niliinuka niende mwenyewe. Mume wangu alinikamata kiuno, na wanaume wawili wakamsaidia. Nilimng'ata mkononi. Hakuniachia.

Siku ya tatu, asubuhi, Kapinga alikufa.

Nilimvulia sweta ya gunia. Nilimpa mtoto mwingine.

Kisha nilishona mfuko wake. Gunia la unga lilikuwa na maandishi makubwa. Niliyageuza ndani.

Tulipopata gari la moshi, alibaki Likasi peke yake. Huko Kasai walituita watu wa Katanga, wakacheka Kiswahili chetu. Mume wangu hakuzoea kulima. Alifia huko, na baada ya miaka mingi nikarudi, kwa sababu kaburi la mtoto wangu liko hapa na mimi sina kwetu pengine. Sikulipata kaburi. Wamejenga.

Sasa nina atelye, karakana ya kushona, katika ukumbi wa nyuma wa parokia. Tuko wanawake sita, wa kila kabila. Tunashona masakosha, mikoba ya magunia, mito ya suruali za jinzi zilizoisha, aproni za mapazia. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanasema tuna kipaji, tunatoa uzuri katika takataka. Nawajibu aksanti. Siwaambii nilijifunzia wapi kukunja mshono mara mbili.

Mwaka jana Mama Monga aliingia pale. Nilikuwa nimemwona kanisani toka nirudi. Alikuwa akinisalimu kwa kichwa, nami nilikuwa nikiangalia altare. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Alikuwa na mfuko wa plastiki, akatoa blanketi akaitandika juu ya meza yangu ya kukatia.

"Mamu Ngalula, unaikumbuka? Ni ya mukono yako! Bajukuu yangu banataka masakosha. Nikasema, nani ataikata vizuri kama mwenyewe?"

Alikuwa anatabasamu. Naapa, alikuwa anatabasamu. Wenzangu waliacha kupiga mashini.

Flaneli ilikuwa imeisha kama kitambaa cha kuchujia. Salopeti ya mume wangu ilikuwa imekuwa nyeupe. Lakini mishono yote ilishika. Na mstari wa juu: mweupe, njano, mwekundu.

"Imelaza batoto ngapi?" nikauliza.

"Bote ine, na bajukuu! Haikutoboka hata siku moja."

"Nilituma mutu."

Tabasamu liliondoka.

"Nilituma mutu kwako, Mama Monga. Ukasema haujue."

Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Bale bijana balikuwa mu barza yangu. Ningesema nini? Na batoto yangu balikuwa na baridi."

"Na wangu?"

"Sikujua kama anagonjwa."

"Musonda alikuambia. Nilimutuma na ile neno."

Alivuta kikwembe chake mabegani. Nilimtukana pale, kwa Kiswahili na kwa Chiluba, mbele ya wanawake watano na picha ya Bikira Maria, na sijaungama maneno yale na sitayaungama. Nilipoishiwa pumzi, alikuwa bado amekaa.

Nimemuuliza nesi mmoja wa hapa kama blanketi ingemponya. Aliniambia labda, na labda hapana. Wengi walikufa ndani ya blanketi zao. Najua. Tulizika watoto kila siku pale. Lakini angekufa akiwa na joto. Hilo Mama Monga alikuwa nalo mkononi, na alilitundika kwenye kamba.

Nilichukua kiwembe. Nilifumua mshono kwa mshono miraba mitatu ya mstari wa juu, polepole, bila kuchana hata uzi mmoja wa kitambaa. Nikakata na flaneli ya nyuma yake, nikakunja blanketi, nikamrudishia.

Aliifungua. Tundu lilikuwa la viganja vitatu. Mkono wake ulipita upande wa pili.

"Na hii tundu? Utaifunga siku gani?"

"Sifunge."

Kazi yangu yote toka utoto ni kuziba matundu. Mama Monga aliliangalia lile, akaingiza blanketi mfukoni, akaondoka akiburuta goti lake. Hatujaongea tena.

Miraba mitatu iko kwenye kopo la vifungo. Wenzangu wanasema niishone mahali, nifanye mto mdogo, iwe kumbukumbu. Nimejaribu. Nimeipanga mezani: mweupe, njano, mwekundu. Kila mara mkono wangu unakwenda kwenye lundo la vipande kutafuta wa nne, na sijui Kapinga angekuwa amevaa nguo ya rangi gani.