Mstari Nyuma ya Wifi Yangu

Mimi na wifi yangu tulitarajiwa tusipikike chungu kimoja, maana ndivyo watu wanavyowajua mawifi. Lakini niseme mapema: kati yake na kaka yangu wa tumbo moja, mimi niko upande wa wifi. Kaka nampenda, ila siku ile alinitia aibu ambayo mpaka leo haijanishuka kooni.

Wifi ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, benchi la kusubiria na kioo kikubwa chenye ufa pembeni. Ana mtoto mmoja tu, msichana, na mtoto huyo hasikii tangu alipougua homa akiwa mchanga. Sisi tunamwita Chiriku kwa sababu mikono yake haipumziki. Akianza kusimulia kwa lugha ya alama, wenye midomo hatufui dafu. Wifi anaposuka, mikono yake ikiwa imejaa nywele, Chiriku husimama nyuma yake na kuzungumza naye kupitia kioo, na mama hujibu kwa nyusi, kwa kidevu, kwa kutikisa bega. Wateja wageni hudhani msusi anagombana na kioo chake.

Shule yetu ilikuwa na darasa la watoto wasiosikia, mwishoni kabisa mwa jengo, likiwa na mwalimu wake. Watoto walikuwa wachache. Mzee Simenti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule kwa miaka na miaka, aliona chumba kile kinapotea bure. Alisema ataleta kompyuta, chumba kiwe cha kompyuta, na wale watoto wapelekwe shule ya bweni mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Wazazi wengi walipiga makofi. Siwalaumu sana, nani hataki mwanawe ajue kompyuta?

Nafasi yake ilipofika wakati wa kugombewa tena, hakuna aliyethubutu kumkabili. Wifi akajitosa.

"Wewe unajua bodi inafanya nini?" kaka alimuuliza.

"Sijui. Najua kwamba wao wakishinda, mwanangu halali nyumbani."

Kampeni aliifanya na kitana mkononi. Mtu akishasukwa nusu kichwa na nusu bado, hana pa kukimbilia. Wifi aliwaambia wote neno lilelile: "Mtoto wangu usiku akishikwa na tumbo huko bwenini, atamwambia nani? Taa zikizimwa mikono haionekani." Waliitikia ndiyo, mama, tuko pamoja. Wengine walisema kwa dhati, wengine kwa kuogopa kuvutwa nywele.

Tatizo ni kwamba kaka yangu alikuwa dereva wa lori la Mzee Simenti. Wifi hakumwomba kitu. Asubuhi ya uchaguzi nilipowapitia, alikuwa anampigia shati pasi, na kaka mwenyewe ndiye aliyelianzisha.

"Mama Chiriku, mimi leo nasimama nyuma yako. Akinifukuza, anifukuze."

Wifi aliendelea kupiga pasi mkono uleule wa shati, akaurudia, akaurudia tena, mpaka nikamwambia atauchoma. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena.

Kura shuleni kwetu hupigwa kwa kusimama. Wagombea husimama uwanjani wakiutazama ukuta wa madarasa, migongo wamewapa wazazi, na kila mzazi huenda kujipanga nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka mwalimu mkuu amalize kuhesabu. Sheria hiyo ililetwa baada ya mgombea mmoja kugeuka mapema na kumkuta shemeji yake kwenye mstari wa mwenzake. Uchaguzi uliishia kwa ngumi, na shemeji akarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Basi wifi akasimama pale kwa gauni lake la bluu, Mzee Simenti kando yake, wote wawili wakitazama ukuta. Wanafunzi walikuwa wamekaa barazani, mbele ya wagombea. Chiriku alikuwa mlangoni mwa darasa lake, uso kwa uso na mama yake. Mimi, nikiwa mzazi pia wa shule ile, nilikuwa wa kwanza kujipanga nyuma yake, na alama za Chiriku nazielewa vya kutosha.

"Shangazi yuko," mikono ilisema. "Fundi viatu yuko. Yule mama anayelia kila akisukwa, naye yuko."

Mabega ya wifi yakacheka. Kisha nikaona anainua kidevu kidogo, kama anavyofanya saluni, na nikajua anauliza: na baba?

Niligeuka kutazama. Mimi si mgombea, sheria hainihusu. Kaka alikuwa anakuja, shati limenyooka, anatembea moja kwa moja kuelekea kwetu. Mzee Simenti alikuwa ametazama ukuta, asingemwona hata kidogo. Lakini msimamizi wa duka lake alikuwa kwenye mstari wa pili, akamwita kwa uchangamfu tu, bila kumtisha.

"Dereva! Njoo huku, kuna kivuli."

Kaka akasimama. Akavuta kola ya shati, akacheka kicheko kidogo kisicho na maana, akaenda. Kivuli! Na jua lenyewe lilikuwa limezama kwenye mawingu tangu asubuhi.

Nilipomgeukia tena Chiriku, mikono yake ilikuwa imetulia. Mtoto yule aliona kila kitu, kuanzia hatua ya kwanza ya baba yake mpaka ya mwisho. Kidevu cha wifi kikainuka tena. Ndipo Chiriku akajibu, taratibu, alama moja baada ya nyingine.

"Baba yuko. Nyuma ya shangazi."

Wifi akashusha pumzi. Mgongo wake, uliokuwa umekakamaa tangu tufike, ukalegea mbele ya macho yangu. Nikauacha uongo ule usimame.

Mwalimu mkuu alihesabu, akamtangaza Mzee Simenti, akaturuhusu kutawanyika. Wifi akageuka. Alitazama nyuma yangu kwanza, kisha mstari wa pili, na kaka akainamia viatu vyake. Tulishindwa kwa wingi. Mpaka leo kaka husema kura yake moja isingebadilisha kitu, na ni kweli, isingebadilisha.

Wifi hakupiga kelele. Alikwenda mpaka pale mlangoni, akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Kwa nini uliniambia baba yuko?"

"Ulikuwa unatetemeka," Chiriku akajibu.

Muhula uliofuata sanduku la bati lilifungwa, na Chiriku akapelekwa bweni. Saluni iliendelea. Wifi husuka vilevile, kwa haraka vilevile, ila nimeona kwamba kila mara huinua macho kwenye kioo, kisha huyarudisha kwenye kichwa cha mteja. Kati yake na kaka mazoea yalikwisha. Wanakula meza moja na kuulizana kama chumvi imetosha.

Siku ya kutembelea wanafunzi tulikwenda mimi na wifi tu. Chiriku alikuwa ameongezeka urefu na amepungua mwili. Tulikaa naye kwenye benchi, akala tulichomletea, akatuonyesha kitanda chake. Muda wa kuondoka ulipofika, wifi alimshika mabega getini, akamwachia ili apate mikono ya kuulizia, na alama zake zilitoka zikiyumba.

"Unalala vizuri? Usiku hulii?"

Chiriku alimtazama mama yake kwa muda, kutoka uso mpaka vidole. Kisha akajibu: "Nalala vizuri. Silii. Kuzuri hapa."

Kituoni tulikaa tukisubiri basi. Wifi alikuwa amefumbata viganja vyake mapajani.

"Amesema halii," akasema.

"Nimeona, wifi."

"Ni mikono ileile iliyoniambia baba yake yuko nyuma yangu." Akanigeukia. "Niambie kweli. Pale getini nilikuwa natetemeka?"

Nikamwambia hapana.